Dalali wa Vitanda vya Mawe

Sahani tatu za vitoweo zilikuwa mezani, na Pyo Gwang-sik alikuwa amezigeuza kuwa makampuni.

"Hii kimchi," alisema, akiisogeza kwa kijiti mbele ya mkewe, "ni ule mtandao mkubwa wa hapa kwetu. Mama yeyote wa nchi hii akitaka kujua kitu, dawa ya goti au bei ya kabichi, anaandika humu. Wateja wamejaa tele. Ila kila mtu akibonyeza tangazo langu, nakatwa won elfu moja na mia saba."

"Anunue asinunue?"

"Anunue asinunue."

"Na akibonyeza kwa bahati mbaya?"

"Mama Seri, hebu nimalize. Hawa dagaa ni ule mtandao wa kigeni. Bei yake imepungua kidogo, vijana ndio wanaoupenda. Na hii mizizi ya yungiyungi ni kamtandao kadogo, kanaitwa Darami. Humu kubonyezwa mara moja ni won hamsini tu."

"Mbona rahisi hivyo?"

"Hakuna mtu anayekatumia."

Tak Yeong-ok alimtazama mumewe, kisha akazitazama sahani. Alikuwa ametoka dukani kwake, kibanda cha kuuza vitoweo katika soko la mtaani pale Daegu, na miguu ilikuwa inamwaka moto. "Usiwaguse hao dagaa," alisema. "Ni wa kuuza kesho."

Gwang-sik hakukasirika. Tangu kampuni ya viti vya ofisi ilipomstaafisha kwa heshima, heshima ambayo hakuiomba, alikuwa amejifunza kutokasirika. Kila asubuhi alitazama video za bwana mmoja aliyejiita Mwalimu Ko, ambaye alifundisha utajiri akiwa amekaa kwenye gari la kifahari lisilosogea hata siku moja. Mwalimu Ko alikuwa amemfundisha udalali wa mtandaoni. Kiwanda kinatengeneza vitanda vya mawe, vile vyenye umeme chini vinavyopasha mgongo wa mzee mpaka asubuhi. Gwang-sik anaandika ukurasa wa kuvisifia. Analipia tangazo ili mtu akitafuta kitanda auone ukurasa huo kwanza. Mtu akipita hapo akaenda kununua kiwandani, Gwang-sik anapata kamisheni.

"Kwa hiyo kitanda si chako," alisema Yeong-ok.

"Si changu."

"Kiwanda si chako. Mteja si wako. Chako ni kipi?"

Gwang-sik alifikiri. Alikuwa mkweli, hilo hakuna aliyewahi kumnyima. "Tangazo," alisema.

"Na bili."

"Na bili," alikubali, na kwa kijiti chake akachagua kimchi.

Jumapili iliyofuata walikwenda kula kwa kaka yake Yeong-ok, Tak Dong-chil, mwenye mgahawa wa bata kwenye barabara ya kupandia mlimani. Dong-chil alikuwa mtu wa sauti kubwa na mkono mwepesi wa kutoa, na kila alichokitoa alikitangaza mwaka mzima. Aliwageuzia nyama kwenye jiko la mezani mwenyewe, mkasi mkononi.

"Shemeji, nasikia sasa unauza mawe."

"Vitanda vya mawe, kaka."

"Una duka?"

"Sina. Mimi ni dalali. Niko kwenye simu."

Dong-chil alikata kipande cha bata na kukiweka kwenye sahani ya Gwang-sik, kama mtu anayemlisha mgonjwa. "Sikia. Yule kijana wangu anayevaa vazi la bata ameitwa jeshini. Vazi liko wazi. Kusimama tu hapo barabarani, unapunga mbawa, magari yanaingia. Mshahara kila mwezi. Na kichwani nimeweka feni. Nani mwingine katika mji huu anayempa bata wake feni?"

Alipiga makofi, na mhudumu akalileta vazi lile hadi mezani, kana kwamba lilikuwa sehemu ya chakula. Lilikuwa la manjano, limechakaa makalioni, na kichwa chake kilikuwa na tabasamu kubwa kupita kiasi. Wateja wa meza ya jirani waliacha kula. Gwang-sik alilitazama, akainamisha kichwa, akammiminia shemeji yake pombe kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka.

Yeong-ok masikio yalimwaka. Alimjua kaka yake. Gwang-sik akiingia ndani ya vazi lile mara moja tu, basi kila sikukuu, kila harusi, kila msiba, ingesimuliwa habari ya shemeji aliyeokolewa na bata. Lakini alikijua pia kiinua mgongo cha mumewe kilivyokuwa kinayeyuka. Ndiyo maana alisema yeye mwenyewe, kabla hajajizuia.

"Mpaka Chuseok. Baba Seri akiuza kitanda hata kimoja kabla ya sikukuu, hili vazi asilisikie tena maisha yake yote. Asipouza, analivaa."

"Kimoja tu?" Dong-chil aliangua kicheko. "Hata cha mtoto nitakihesabu!"

Njiani Gwang-sik alisimamisha gari kwenye taa za barabarani. "Umenidharau," alisema. "Ungesema kumi."

Tangazo lilipanda siku ya Jumatatu, juu kabisa, la kwanza. Jioni ile Yeong-ok alimpigia simu mama mkwe wake huko kijijini Uiseong, kama alivyokuwa akimpigia kila baada ya siku chache, kumuuliza kama amekula na magoti yanasemaje. Safari hii angalau alikuwa na jambo zuri la kusema.

"Mama, mwanao ana biashara. Ukiandika 'kitanda cha mawe' kwenye simu yako, cha kwanza kabisa kinachotokea ndicho chake."

"Cha kwanza? Juu ya wote?"

"Juu ya wote, Mama. Bonyeza tu uone."

"Laiti baba yake angekuwa hai," alisema bibi kizee.

Siku nne tangazo lilikaa kimya, na Gwang-sik alikaa nalo. Siku ya tano, saa mbili kamili asubuhi, simu yake ilianza kutetemeka juu ya meza, ikatembea yenyewe mpaka ukingoni, akaidaka. Watu walikuwa wanabonyeza. Hawakuwa wawili watatu. Walikuja kama mvua, na ilipofika saa tatu kiasi alichotenga kwa siku kilikuwa kimekwisha, tangazo likazimika lenyewe.

"Mama Seri! Wamekuja!"

"Wamenunua?"

"Bado. Lakini wamekuja!"

Kesho yake wakaja tena saa mbili. Na keshokutwa. Gwang-sik alinunua miwani mpya ili asome takwimu. Jioni alimsomea mkewe wakati yeye anakatakata figili, na uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeitwa kazini.

"Wengi ni wanawake. Wengi wamepita miaka sabini. Wanatoka mkoa huuhuu wa kwetu. Unaona? Migongo mibovu mitupu! Hawa ndio wateja wenyewe!"

"Na hakuna aliyenunua."

"Na sikia hili. Mtu wa kawaida anakaa kwenye ukurasa nusu dakika, anaondoka. Hawa wangu wanakaa dakika kumi! Wanasoma mpaka anwani ya kiwanda. Watu wanaosoma hivyo wanafikiria kwa dhati. Kitanda si kabichi, Mama Seri, mtu halali akaamka akanunua tu."

Akaongeza kiasi cha siku. Wabonyezaji nao wakaongezeka, sasa wengine wakitoka Busan, wengine Seoul, hata mmoja kutoka Vietnam. Akabadilisha picha. Akaweka maneno kwamba jiwe hili lina joto la jua la masika. Hakuna aliyenunua. Kamisheni ya kitanda kimoja ilikuwa won elfu themanini, na bili ya asubuhi moja ilikuwa imeshapita hapo. Yeong-ok alimwonyesha hesabu hiyo kwa vidole, taratibu, kama anavyomwonyesha mteja mbishi.

"Ndiyo maana lazima tuuze vingi," alisema Gwang-sik.

Alipoona bado mambo hayaendi, alihamia kwa dagaa, yaani kwenye ule mtandao wa kigeni, kwa kuwa Mwalimu Ko alisema ndani ya gari lake kwamba anayeng'ang'ania jukwaa moja anakufa na jukwaa hilo. Siku mbili hakuja mtu. Siku ya pili hiyohiyo mama mkwe alipiga simu dukani kwa Yeong-ok, sauti imejaa wasiwasi.

"Mkwe wangu, mbona tangazo la Gwang-sik silioni? Amepatwa na nini?"

"Hajapatwa na kitu, Mama. Amehama tu. Lile duara lenye rangi kwenye simu yako, andika humo."

"Lenye rangi. Haya. Asante mwanangu."

Yeong-ok alirudi kupima mchicha na hakulifikiria tena. Kesho yake saa mbili asubuhi mvua ilianza upya, safari hii kwenye ule mtandao wa kigeni, na Gwang-sik akacheza jikoni akiwa na nguo za ndani tu.

Majuma mawili kabla ya Chuseok walikwenda Uiseong kufyeka nyasi kwenye kaburi la baba yake, kama kila familia inavyofanya kipindi hicho. Walifika jioni, wakalala mapema. Asubuhi Gwang-sik alikuwa uani anajaribu kuiwasha mashine ya kufyekea, na Yeong-ok anaosha vyombo, ndipo kipaza sauti cha kijiji kilipokoroma juu ya nguzo. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Ma, alikohoa mara mbili ndani yake.

"Ah, ah. Ndugu wanakijiji, habari za asubuhi. Leo lori la taka litachelewa. Dawa ya nyanya imefika ofisini. Na sasa ni saa mbili kamili, tubonyeze kitanda cha Gwang-sik. Narudia, tubonyeze kitanda cha Gwang-sik. Kila mtu mara moja tu! Muuguzi wa zahanati amesema ukirudia kwa simu ileile haihesabiwi. Walio na watoto mjini wawakumbushe. Asanteni."

Simu ya Gwang-sik ilianza kutetemeka mfukoni.

Sabuni ilikuwa inamdondoka Yeong-ok mikononi na yeye hana habari. Alimwona mumewe amesimama katikati ya ua, mashine mkononi, mdomo wazi, na mfuko wa suruali unatikisika kama umeingiwa na panya. Wakatoka wote wawili, wakafuata njia mpaka ukumbi wa wazee.

Ndani walikaa akina mama zaidi ya thelathini sakafuni, simu mkononi, miwani puani. Chumba kilinuka kahawa ya unga na marhamu ya viungo. Kila simu iliyolia mle ndani ilikuwa hela, na kila mibonyezo miwili ilikuwa sahani nzima ya mizizi ya yungiyungi, ile ambayo Yeong-ok huamka alfajiri kuimenya.

"Aa, mwenye kitanda mwenyewe huyo!" alipiga kelele mama mmoja mnene, aliyeitwa Mama wa Yecheon kwa kuwa aliolewa kutoka huko. "Njoo, njoo ukae! Leo mimi nimekuwa wa tatu."

"Uongo," alisema jirani yake. "Wewe umebonyeza jina la kampuni nyingine jana, nimekuona."

"Nilikuwa sina miwani!"

"Na msibonyeze mkakimbia," alisema mama yake Gwang-sik kutoka pembeni, kwa sauti ya mwalimu wa darasa. "Ni adabu mbaya, ni kama kupiga hodi ukaondoka. Ingia, soma mpaka chini, ndipo utoke."

Wakasoma mpaka chini. Chumba kizima kilikuwa kinasoma kimyakimya anwani ya kiwanda. Gwang-sik alikaa sakafuni taratibu, kama mtu anayeshushwa kwa kamba.

"Mama," alisema, "nani alianzisha hii?"

"Mimi. Mkeo aliniambia bonyeza. Nikajiona peke yangu, nikasema mkono mmoja utafanya nini? Nikaita ujima."

Kwenye kijiji kile, ujima maana yake hakuna anayesaidiwa bure. Ukinipandia mpunga, nami nitakupandia. Yeong-ok aliliwaza hilo huku akiitazama mikono ya mama mkwe wake. Vidole vilikuwa vimevimba, ngozi imechubuka kwenye vifundo, kucha zimekuwa za kahawia.

"Na wewe unawalipa nini, Mama?" aliuliza Yeong-ok.

"Nawamenyea vitunguu saumu. Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mwaka huu vimekubali sana." Bibi aliificha mikono chini ya mapaja. "Si kazi hiyo. Nakaa tu kivulini."

Kwa magoti yale, kukaa chini kutwa nzima. Yeong-ok alikuwa amekuja na maneno yake tayari ulimini. Angesema kila bonyezo linamla mwanao nyama, acheni, acheni leo hii. Aliufungua mdomo. Mama yule akamtazama, na macho yake ya uzee yalikuwa yamejaa kitu ambacho Yeong-ok alikuwa hajakiona tangu mazishi ya baba mkwe. Ilikuwa furaha, furaha ya mtu ambaye bado anahitajika.

"Inasaidia?" aliuliza mama, akimgeukia mwanawe. "Sema kweli, Gwang-sik. Wengine wanasema hatusaidii kitu."

Chumba chote kikamgeukia.

"Inasaidia sana, Mama," alisema. "Bila nyinyi nisingefika hapa nilipo."

Vikapigwa vigelegele na makofi. Mama wa Yecheon akajifuta machozi, akasimama kwa kushika ukuta. "Basi ngoja nikuonyeshe. Tulitaka iwe siku ya sikukuu, lakini umeshakuja." Akakisukuma kando kizuizi cha karatasi cha chumba cha ndani. Mle, juu ya sakafu iliyofagiliwa, kilikuwa kimekaa kitanda cha mawe, kipya, cha watu watatu, mito miwili juu yake.

"Kusoma kila siku kumetutia hamu," alisema. "Tukachangishana."

Gwang-sik aliinuka kwa magoti. Yeong-ok akalikumbuka lile vazi. Kimoja. Kimoja tu ndicho kilichotakiwa.

"Mmekinunua... kwangu?"

"Kwako?" Mama wa Yecheon alishangaa kwa dhati. "Tukusumbue wewe tena? Na mgongo wako, ubebe mawe kutoka Daegu? Hatuna roho hiyo! Tulikwenda pale mjini sokoni, tukalipa taslimu, tukalalia vyote mpaka tukapata kizuri. Na mito hiyo tukapewa bure."

"Lala kidogo, mwanangu," alisema mama yake. "Umechoka."

Akalala. Hakuwa na la kufanya. Akina mama walimwashia umeme, na Gwang-sik akalala chali juu ya kitanda alichokisifia kwa majuma saba na ambacho mgongo wake haukuwahi kukigusa. Alipoulizwa joto likoje alisema ni kama jua la masika.

Wakirudi, gari liliingia barabara kuu.

"Ungewaambia," alisema Yeong-ok.

"Wewe mbona hukuwaambia?"

"Mimi ni mkwe. Wewe ndiye mwana."

"Niwaambie nini? Kwamba Mama amemenya vitunguu miezi miwili ili anifilisi?"

Yeong-ok aligeukia dirishani. Alitaka kulia na alitaka kucheka, na vyote vilimjia kwa pamoja, akaishia kukohoa. Jioni ile Gwang-sik alizima tangazo. Kwenye mtandao ule mkubwa, kwenye ule wa kigeni, kote.

Asubuhi saa mbili na nusu mama yake alipiga simu. Kijiji kizima kilikuwa kimeshika simu na hakuna cha kubonyeza. Mama wa Yecheon alidhani yake imeharibika, tayari ameshapanda basi kuipeleka kwa fundi. "Gwang-sik, niwaambie nini wenzangu?" alisema mama, kwa sauti ya chini ili ukumbini wasisikie. "Kwamba umeanguka?"

"Linatengenezwa, Mama. Litarudi baada ya sikukuu."

"Basi mimi naendelea na vitunguu vya watu, ili wasivunjike moyo."

Chuseok ikafika, ikapita, na hakuna kitanda kilichouzwa. Dong-chil hakusubiri hata mabaki ya keki za wali yaishe. Alikuja mwenyewe na gari, vazi likiwa kiti cha mbele limefungwa mkanda.

Juma la tatu la ubata wa mumewe, Yeong-ok alipata ujumbe wa benki. Mshahara wa kwanza wa Gwang-sik ulikuwa umeingia, na hapohapo hela ilikuwa imekatwa kwenda kwa Darami. Aliusoma mara mbili. Akafunga kibanda, akachukua ndoo mbili za mizizi ya yungiyungi alizoagiza kaka yake, akapanda basi la kwanza la mlimani, hasira imempanda kichwani.

Ilikuwa karibu saa mbili. Wapanda mlima wa asubuhi walikuwa wanaingia kunywa supu ya bata, na nje, barabarani, bata mkubwa wa manjano alikuwa anapunga mbawa. Alikuwa anapunga vizuri, hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alikuwa bata mwenye bidii. Dong-chil alikuwa mlangoni anamwambia mteja, "Yule ni shemeji yangu. Alikuwa meneja!"

Yeong-ok aliweka ndoo chini, akamvuta bata kwa ubawa mpaka nyuma ya maegesho.

"Toa kichwa."

Gwang-sik akatoa kichwa. Feni ilikuwa bado inavuma ndani yake. Nywele zilimganda kwenye paji la uso.

"Unanunua tangazo tena? Kwa hela hii? Hela ya kusimama barabarani na makalio ya manjano?"

"Darami," alisema Gwang-sik. "Won hamsini. Sikiliza, Mama Seri, usinipige kwanza. Safari hii nimechagua vizuri. Herufi zake ni kubwa, wazee wanaona. Hakuna mtu mwingine anayekatumia, kwa hiyo sigombani na yeyote, nakaa wa kwanza kutwa nzima. Na hakuna mgeni atakayebonyeza kwa bahati mbaya. Ni wao tu. Nilikwenda Jumanne, siku yangu ya mapumziko, nikawawekea kwenye simu zao mmoja mmoja."

"Kwa hiyo unavaa bata ili wale akina mama wapate cha kubonyeza."

Alifikiri. Alikuwa bado mkweli. "Ndiyo," alisema.

"Na vitunguu?"

"Ameacha. Nimemwambia mtandao huu mpya hauruhusu ujima wa kulipana, wakijua watanifungia. Amekasirika, lakini ameacha. Uvimbe wa magoti umeanza kushuka."

Karipio ambalo Yeong-ok alilipanga ndani ya basi lilikuwa refu, lenye matusi matatu mazuri, na hakutoa hata moja. "Wamekuomba hamsini?" aliuliza. "Hukupatana? Ungeanza na thelathini."

"Bei imeandikwa, haipatanwi."

"Kila bei inapatanwa," alisema, akamfuta jasho kwa kiganja, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Rudi kazini. Kaka anatazama."

Gwang-sik alivaa kichwa, akarudi barabarani na miguu yake mipana. Saa mbili ikafika. Mfuko uliokuwa ndani ya vazi ukaanza kutikisika, na tumbo la bata likatikisika nao, na watoto wawili kwenye gari lililopita wakashangilia.

Yeong-ok alikaa kwenye kituo cha basi ng'ambo ya barabara. Akatoa simu yake. Alihangaika kidogo kukapata Darami, kisha akaandika kitanda cha mawe. Likatokea tangazo moja tu, juu kabisa. Akabonyeza.

Hapakuwa na picha ya kitanda. Kulikuwa na tarehe ya leo, na maneno machache kwa herufi kubwa.

"Mama zangu, habari za asubuhi. Jana tumeuza vitanda viwili, kimoja Pohang na kingine Gumi. Ni kwa sababu yenu. Mimi nina afya, ofisi yangu ina feni. Mama, leo pumzika."

Aliinua macho. Ng'ambo, bata alikuwa anapunga mbawa zote mbili, na gari jeupe lilikuwa linapunguza mwendo ili liingie. Basi lake lilifika, likafungua mlango, dereva akamtazama. Yeong-ok alimpungia apite. Alikuwa hajasoma mpaka chini.